Picha ya Mkanda

Katika ukoo wao kila mtu alikuwa na kazi yake panapotokea shughuli. Kulikuwa na waliopika, waliopanga viti, na shemeji mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kulalamika kwamba muziki uko juu. Bwana Tabasamu yeye alikuwa mpiga picha. Kazini alikuwa karani wa masjala, mtu wa kutafuta mafaili na kuyarudisha mahali pake, na huko walimwita kwa jina lililo kwenye kitambulisho. Kwingine kote alikuwa Bwana Tabasamu, kwa sababu kila mara kabla ya kubonyeza aliinua kidole na kuamuru, "Tabasamu!" kwa sauti ya askari wa barabarani. Watu walitabasamu kwa woga, lakini walitabasamu.

Kamera yenyewe ilikuwa ndogo, ya dijitali, ya kuingia mfuko wa shati. Lakini haikuwahi kuingia mfuko wa shati. Ilikaa kwenye mkoba wake mweusi, na mkoba huo ukakaa ndani ya mkoba mwingine pamoja na ndugu zake wote: betri ya akiba, chaja na waya wake uliofungwa kwa mpira, stendi ya miguu mitatu isiyozidi urefu wa kiganja, na kitambaa laini cha kufutia lenzi ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kila Jumamosi asubuhi alitandika taulo mezani, akatoa kimoja kimoja, akapuliza, akafuta, akarudisha. Mkewe alimtazama huku anakunja nguo.

"Mke mwenzangu ameshaoga?"

"Ameshaoga."

"Basi mwambie zamu yangu imefika. Na mimi nina mgongo."

Alicheka, lakini hakuacha. Tusimseme sana. Mtu anayeshinda kutwa nzima akihangaikia mafaili ya wengine anahitaji kitu kimoja cha kumtii. Ubaya ni kwamba kamera ile ilimpandisha kichwa. Siku hizi kila mtu ana simu ya kupigia picha, na Bwana Tabasamu alizichukia simu hizo kama mwenye duka anavyomchukia mchuuzi aliyetandika bidhaa mlangoni kwake. Kwenye shughuli yoyote, kabla hajapiga hata moja, alitangaza: "Simu chini jamani, mnaniharibia mwanga. Picha zote mtapata kwangu." Na watu waliweka simu chini, maana ni kweli walizipata, safi, kila mtu na bahasha yake, tarehe imeandikwa nyuma.

Sasa, dada yake mkubwa alikuwa mkunga. Ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka saba, mama yao alipofariki. Alimwogesha asubuhi kabla ya kwenda zamu, na akirudi alimkagua daftari kabla hajavua viatu. Baada ya miaka thelathini na minne ya kuzalisha watoto wa watu, muda wake wa kustaafu ukafika, na wenzake wakamwandalia hafla ndogo pale pale wodini, kwenye ukumbi wa kusubiria.

Wodi ile ilikuwa na desturi yake. Mkunga akistaafu haondoki na mkanda wa sare. Anaufungua kiunoni mbele ya wenzake na kumfunga mkunga mpya kuliko wote. Mkanda wa dada ulikuwa mwekundu, chuma chake cha mbele kimeshalika, naye alifungwa na mkunga aliyemfundisha kazi. Mwalimu huyo, sasa kikongwe, alikubali kusafiri kutwa nzima ili awepo. Wiki moja kabla, dada alimpigia simu mdogo wake.

"Mdogo wangu, mimi sitaki nyingi. Nataka moja tu. Mimi, mwalimu wangu na yule binti mpya wa wodini, mikono yetu yote iko kwenye mkanda. Nyingine piga unavyojua mwenyewe."

"Dada, kwani unaongea na nani? Hiyo hesabu kwamba umeshaipata."

Siku yenyewe alifika kabla ya wageni, shati limenyooshwa, mikoba yote miwili begani. Alipiga kiatu chake ili kupima mwanga. Alipiga keki mara tatu, maana ilikuwa keki ya kutulia. Alimpiga mganga mkuu wa hospitali akishuka kwenye gari, akifunga mlango wa gari, na akiwa amesahau kitu ndani ya gari. Nesi mmoja alipoinua simu, alimnyooshea kidole.

"Dada nesi, simu chini. Mimi niko hapa kufanya nini?"

Nesi akacheka, akaitia mfukoni, na wengine wakafuata. Alipiga na meza kuu, ikiwa haina mtu.

Ndipo saa ya mkanda ikafika. Dada aliufungua kiunoni. Mwalimu wake aliletwa ameshikwa mkono. Yule binti alisimama katikati, amebana pumzi kama anayechomwa sindano. Mikono sita ikakutana kwenye mkanda mwekundu, na Bwana Tabasamu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alisahau kusema tabasamu. Alibonyeza tu. Akaitazama picha kwenye kioo cha nyuma. Hajawahi kupiga picha kama ile, na mimi sidhani kama atapiga nyingine.

"Mpiga picha!" Mganga mkuu alikuwa ameshasimama na wageni wa heshima, tai imenyooshwa. "Na sisi je?"

Akageuka, akainua kamera, akabonyeza. Kimya. Kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba nafasi imejaa. Alidhani inamtania. Akafungua kile kimlango cha chini, na kando ya betri akaona pengo mahali pa kadi ya kumbukumbu. Jana yake alikuwa akiwaonyesha wenzake wa masjala picha za ubatizo wa mtoto wa binamu yake, na kadi ilibaki kwenye kompyuta ya ofisini, upande wa pili wa mji. Betri mbili, chaja, stendi, kitambaa, vyote amebeba. Kadi hakubeba. Kamera ilikuwa ikitumia kihifadhi chake cha ndani, nacho kinabeba picha tisa tu.

Angesema. Watu kumi na tano walikuwa na simu mifukoni. Angesema, "Jamani, nimesahau kadi, nisaidieni," wangemcheka dakika mbili, shughuli ikaendelea. Lakini amewanyang'anya simu nusu saa iliyopita, sasa awaombe?

"Vipi, imekufa?" mganga mkuu akauliza, na watu wakacheka.

"Haijafa, mkuu. Naiweka sawa."

Picha iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa ya mkanda. Ili afute keki au kiatu, ilibidi arudi nyuma, moja baada ya nyingine, watu wote wamemkodolea macho. Akajiambia hii nitairudia, nitawaita tena wote watatu. Akajiambia tena kwamba dada si mtu wa kulalamika. Hilo la pili ndilo linalomchoma mpaka leo. Akabonyeza alama ya kufuta. Kamera, ambayo ina adabu kuliko wengi wetu, ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo.

"Tabasamu!" akasema. Mganga mkuu akatoka amefumba macho.

Kuanzia hapo ikawa maigizo matupu. Alipiga akafuta, akapiga akafuta, na kila mwanga ulipowaka mtu fulani alijua amebaki kwenye picha. Alipopata ujasiri wa kwenda kuwaita wale watatu, mwalimu alikuwa ameshapandishwa gari, safari yake ndefu, na yule binti alikuwa ameitwa chumba cha kujifungulia, mkanda kiunoni.

Wiki zikapita. Dada alipiga simu kuuliza, naye akasema bado anazisafisha. Akapiga tena, akasema mashine ya studio imeharibika. Mara ya nne akasema kompyuta imeingiwa na virusi, na huku anasema, kadi yenyewe ilikuwa mbele yake mezani, nzima kabisa. Jumamosi asubuhi hakutandika tena taulo. Mkewe aliuliza mara moja kama mke mwenza amerudishwa kwao, akaona uso wa mumewe, akaacha utani. Usingizi wa mchana ukampaa, hamu ya kula ikapungua, na akisikia simu inaita anaigeuza kifudifudi.

Mwishowe alizipeleka zile tisa studio. Fundi wa studio alizipanga kaunta, akazitazama, akamtazama yeye.

"Bwana Tabasamu, keki nimeiona vizuri. Mwenye sherehe yuko wapi?"

Akatia bahasha mfukoni, akaenda kwa dada yake.

Dada alikaa kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga, mlango wake unatazama bomba la pamoja uani. Alimkaribisha, akafuta meza, akapanga picha zote tisa kama mtu anayecheza karata. Keki. Keki. Kiatu. Keki. Gari, gari, gari. Meza tupu. Ya tisa, iliyobaki mwisho wa maigizo, ilikuwa ya yule shemeji akiwa ameziba masikio.

"Keki imetoka vizuri," alisema.

"Dada, ile kadi... virusi..."

"Mdogo wangu." Hakupandisha sauti. "Siku ile nilikuja nyuma ya bega lako. Nilitaka kuiona. Nikaiona, ilikuwa nzuri sana. Halafu nikakuona unaifuta."

Bwana Tabasamu alitamani ardhi impasukie. Alitazama kiatu chake, kilekile kilichokuwa mezani, na akaona haya hata kukitazama.

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya watu? Na ulishawanyang'anya simu zao? Wangekucheka mpaka leo. Nikasema nimwache, atakuja kuniambia mwenyewe. Nimekupigia simu mara ngapi?"

"Nne."

"Mara zote nne nilikuwa nakupa nafasi." Akazivuta picha karibu yake. "Lakini hilo ni letu sisi wawili. Mwalimu wangu kila Jumapili ananiuliza kama picha imefika. Juzi nikachoka, nikamwambia imeharibika, nilifumba macho. Umri huu nilionao, nimeanza kumdanganya aliyenifundisha kazi. Akakata simu bila hata kuniaga."

Akachukua simu yake, akatafuta namba, akamsogezea.

"Mwambie. Mimi niko hapa nasikiliza. Na useme kwa nguvu, masikio yake siku hizi ni mazito."

Alijikaza kisabuni. Simu ikapokelewa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Nani?"

"Mdogo wake mkunga! Mpiga picha!"

"Sema kwa nguvu, mwanangu."

"MPIGA PICHA! ILE PICHA YA MKANDA!" Dirisha la jirani likafunguka. "DADA HAKUFUMBA MACHO! NILIIFUTA MIMI!"

"Uliifuta?"

"NILIIFUTA! NILISAHAU KADI, NIKAONA AIBU KUSEMA! NIKAIFUTA ILI NIMPIGE MGANGA MKUU!"

Uani, mama mmoja aliyekuwa akikinga maji alifunga bomba ili asikie vizuri. Bwana Tabasamu alimwona, naye akajua ameonwa.

Mwalimu akasema, taratibu, "Basi, usipige tena kelele, nimesikia. Mimi picha ningeifanyia nini, mwanangu? Huu mwaka wa nne sioni. Sikumwambia dada yako, angenikataza kusafiri. Nilikuwa nauliza kama yeye ameipata. Tangu nimjue, hajaomba kitu cha kwake mwenyewe. Ile picha ndiyo ilikuwa ya kwanza." Akamuaga kwa upole, akakata.

"Amesemaje?" dada akauliza. "Amekasirika?"

Sauti yote aliyokuwa nayo Bwana Tabasamu ilikuwa imeishia uani. Habari hii ilitaka sauti ndogo.

"Haoni, dada. Amekuwa haoni miaka minne. Alikuwa anakuulizia wewe. Anasema katika maisha yako hujawahi kuomba kitu, isipokuwa ile."

Dada alizikusanya zile picha tisa, akazigonga mezani zikae sawa, akazirudisha kwenye bahasha, akamkabidhi. Vikombe mdogo wake alivyowahi kuvunja, mitihani aliyowahi kufeli, nguo za shule alizowahi kuzichana, yote hayo dada alimalizia kwa kumshika kichwa na kumwambia si kitu. Bwana Tabasamu alisimama mlangoni na bahasha yake akisubiri aambiwe hivyo tena, na dada akainuka, akaenda kukinga maji.