Upekuzi wa Begi Chini ya Mlima

Nilikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana kwa miaka mingi, na kazi niliyoiweza kuliko zote haikuwa kufundisha fizikia. Ilikuwa kupekua masanduku siku ya kufungua shule. Nimetoa chapati katikati ya kamusi. Nimetoa simu ndani ya mkate uliochimbwa shimo kisha ukarudishwa kwenye karatasi yake kama haukuguswa. Msichana mmoja aliniangalia machoni akaapa kwamba kilo mbili za njugu ni dawa ya pumu. Nilipostaafu nikadhani nimemaliza kushika-shika mizigo ya watu. Kumbe nilikuwa bado sijakutana na mzee wa spea.

Mzee huyu ana duka la spea za magari mjini Nakuru. Ni Msikh, familia yao iko hapa tangu enzi za babu yake, ana miaka sabini na kitu, na Kiswahili chake kinanishinda mimi niliyezaliwa Elburgon. Siku ya kwanza niliingia dukani kutafuta mkanda wa feni. Nilimkuta amenipa mgongo, anazungumza na kisanduku kilichokuwa kikikoroma nyuma ya rafu za plagi, akimwuliza mtu kama kwao mvua imenyesha.

"Ulikuwa unaongea na nani?" nilimwuliza alipogeuka.

"Mtu fulani Brazil."

"Ndugu yako?"

"Simjui kabisa," akasema, na uso wake ukang'aa kama ameniambia amemwoa.

Hivyo ndivyo nilivyojua redio za ridhaa. Ni watu wenye leseni na mitambo yao wenyewe, wanaoongea na wageni wa dunia nzima bila kupitia mtandao wa simu wala kwa mtu yeyote, kwa sababu tu inawapendeza. Nilirudi nyumbani bila mkanda wa feni. Mwaka ulipoisha nilikuwa na leseni yangu.

Tatizo la Nakuru ni kelele za umeme. Kila chaja, kila taa, kila fundi wa kuchomelea milango anaingia redioni kwako bila kubisha hodi. Dawa yake ni kupanda kilima. Huko juu hewa ni tulivu, na redio ndogo isiyo na nguvu za kuwasha balbu inafika bara jingine. Basi tukajiwekea mchezo, mzee akautungia sheria moja: kilima hakihesabiki mpaka watu wanne wakujibu.

Safari yetu ya kwanza mzee ndiye aliyefungasha. Alibeba betri ya gari. Alibeba nguzo ya mti, vipande vitatu, aliyoiagiza kwenye kiwanda cha mbao kule kwetu Elburgon, nzito kama ya kushikilia paa la kanisa. Alibeba kiti chake na changu, jiko, na kisanduku cha vifaa ambacho mfanyakazi wake alikipakia garini kwa kulaani. Tulikodi punda. Punda alipanda robo ya kilima, akasimama, akatuangalia mmoja mmoja, akageuka akarudi kwao. Katika kundi letu yeye ndiye aliyekuwa na akili. Hatukuongea na mtu siku hiyo, ila tuliambiana wenyewe maneno ambayo sitayaandika.

Kisha moyo wa mzee ukaharibika. Alipasuliwa, akashonwa, akarudishwa nyumbani na orodha ya makatazo. Nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa kwenye kiti sebuleni, blanketi magotini, na kwa mara ya kwanza hakuwa na jambo la kubishania. Nilimwambia ile serikali ya wilaya zamani iliendeshwa vizuri kuliko kaunti. Akasema, "Labda." Niliogopa sana.

Alipopata nguvu za kutembea, daktari alimruhusu vilima vya mteremko wa polepole, ila asibebe kitu. Mkewe, mama mfupi mwenye sauti kama kengele ya shule, aliniita jikoni.

"Mwalimu," akasema, "akibeba kitu kizito kuliko hii birika yangu ya chai, wewe ndiye utakayenieleza."

Akanipa hiyo birika niishike. Ilikuwa tupu.

Kwa hiyo mzigo wote ukawa wangu, na magoti yangu mimi ni ya mwanamke aliyesimama mbele ya ubao miaka thelathini. Ndipo nilipoanza wazimu wa kupunguza uzito. Nilichukua mizani yangu ya keki nikaiweka mezani. Redio ilikuwa ndogo kama nusu ya mkate, nikaing'oa vishikio vyake vya chuma. Betri ya gari nikaitupilia mbali, tukanunua moja inayotosha kiganjani. Waya wa antena nikatafuta mwembamba mpaka mzee akauliza kama tunatega panzi. Mahali pa nguzo ya Elburgon nilipata fimbo ya kuvulia samaki, ile inayojikunja ndani yake kama darubini. Niliifuata mpaka Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, ambako wavuvi wa nyavu walicheka kweli kweli kusikia nataka fimbo, mpaka mmoja akakumbuka anayo nyumbani, iliachwa na mtalii, mkewe anaanikia soksi.

Daftari nililing'oa majalada. Penseli niliikata katikati. Mayai ya kuchemsha niliyamenya nyumbani, maana ganda nalo ni uzito, na nani hula ganda?

Mzee alipinga kila gramu. Ugonjwa wake nimeupa jina: Na-kama. Na kama waya ukikatika? Na kama fyuzi ikiungua? Na kama ikinyesha, na kama tukikutana na nyati, na kama nyati ana redio? Hilo la mwisho ni langu, lakini alilifikiria kidogo kabla ya kukasirika.

Tulichagua kilima kimoja upande wa Eburru, ambako ardhi yenyewe inapumua mvuke na wenyeji huutega kwa mabomba upoe wapate maji. Tuliegesha gari mwisho wa barabara asubuhi. Mzee alishuka na kibegi begani.

"Hicho ni nini?"

"Sweta."

Nilikinyanyua kwa kidole kimoja, nikakumbuka zile kilo mbili za njugu. "Fungua," nikamwambia.

"Mwalimu, mimi si mwanafunzi wako."

"Mwanafunzi wangu angeficha vizuri zaidi. Fungua."

Nilipekua juu ya boneti. Koleo tatu. Mita ya kupimia umeme. Nyundo, na hadi leo hajanieleza nyundo ilikuwa ya nini. Chupa ya achari ya malimau, ya kioo. Kifuko cha ngozi kilichojaa skrubu, au hivyo nilivyodhani nilipokitikisa. Sweta haikuwamo. Vyote nikavirudisha ndani ya gari, nikafunga mlango, nikatia ufunguo kwenye soksi yangu. Aliruhusiwa kubaki na simu yake na zile waya za kusikilizia masikioni, alizokuwa amezivaa shingoni kama daktari.

"Wewe ni mbaya sana," akaniambia.

"Nenda mbele, polepole. Ukianza kuhema simama."

Tulipanda kwa saa mbili na zaidi. Kila aliposimama nami nilisimama, nikajifanya natazama mandhari. Ukweli ni kwamba nilikuwa natazama mdomo wake kama unabadilika rangi. Karibu na kilele tulimkuta mama mmoja akikata nyasi za ng'ombe kwa panga. Aliangalia fimbo mkononi mwangu, akaangalia chini bondeni ambako Ziwa Naivasha lilionekana dogo kama sahani, kisha akaniangalia tena kwa huruma.

"Mathe," akasema, "samaki wako kule chini."

"Tunavua watu," mzee akamjibu.

Yule mama alisogea hatua mbili nyuma, panga mkononi, ikabidi nimweleze haraka. Alisikiliza, akasema sawa, lakini nyasi zake akazikusanya akazileta karibu na sisi. Alitaka kuona.

Tulisimamisha fimbo, tukaifunga kwenye kichaka, tukavuta waya. Niliwasha redio. Kulikuwa na kimya kile kizuri cha mlimani, na ndani yake sauti za watu zikipita kwa mbali. Mzee alikaa juu ya jiwe, akafumba macho, akatabasamu. Nikaingiza mkono kwenye begi kutoa maikrofoni.

Nilitoa mayai. Nilitoa maji, kamba, daftari lisilo na majalada. Nilipindua begi nikalikung'uta.

"Mzee, maiki iko wapi?"

"Kwenye kile kifuko cha ngozi," akasema. "Niliona umeitupa tu ndani ya begi lako bila kitu cha kuikinga, nikaihamisha jana nikiwa kwako. Pamoja na skrubu."

"Kwa nini hukusema nilipokuwa napekua?"

"Nilikuwa nimekasirika."

Halafu akaanza kucheka. Alicheka akiinama, akishika kifua kwa mikono miwili, machozi yakiingia kwenye ndevu, nami sikujua kama anacheka au anakufa. Nilimshika mkono nikatafuta mshipa, nikahesabu, nikakosea, nikaanza upya. Niliiona ile birika tupu mbele ya macho yangu. Yule mama naye akaja mbio.

"Mzee ako sawa?"

"Niko sawa," akasema akipangusa uso. "Mwalimu amenipekua mpaka sauti yangu akaiacha garini."

Tungeweza kushuka. Nilisema hivyo, na nilimaanisha. Akatikisa kichwa. Akaniambia, bila mzaha sasa, kwamba alipokuwa kwenye kile kiti na blanketi alikuwa ameshaamua kugawa redio zake, na hata alikuwa amewaandika watakaopewa. "Wewe nilikuandikia ile kubwa," akasema. "Sasa nimefika juu ya mlima kwa miguu yangu. Siteremki bila kuongea na mtu."

Kisha akazivua zile waya za masikioni.

Mzee alijifunza Morse akiwa kijana, lugha ya nukta na mistari. Mimi nimeijaribu mara mbili ikanishinda mara tatu. Kutuma Morse hakuhitaji maikrofoni. Kunahitaji tu nyaya mbili zigusane na kuachana, na plagi ya kuingia kwenye redio, na plagi ilikuwa pale, mwisho wa waya wa masikioni. Kilichokosekana ni koleo la kukatia. Koleo tatu zilikuwa garini. Aliniangalia tu, kwa muda mrefu, na nadhani hiyo ndiyo saa tamu kuliko zote katika maisha yake.

"Mama," nikamgeukia yule mkata nyasi, "tuazime panga."

Alikata mwenyewe, pigo moja juu ya jiwe, safi kama anakata muwa. Akatumenyea ncha kwa meno kabla sijamkataza, akatema plastiki pembeni. Mzee aliingiza plagi, akashika nyaya mbili kwa vidole, akazigusanisha. Redio ikalia, fupi, ndefu, fupi.

Aliita kwa dakika kumi. Nyaya zilimponyoka mara mbili na niliona hapendi nione, nikajishughulisha na mayai. Kisha kutoka ndani ya mkwaruzo wa redio kikaja kimlio chembamba kinachojibu, na mgongo wake ukanyooka.

"Afrika Kusini," akasema. "Andika."

Nikaandika kwa nusu yangu ya penseli. Wa pili alikuwa Mgiriki. Kati ya wa pili na wa tatu yai langu liliisha na yule mama akala lake, akauliza kama hao watu wanajua tuko Eburru. Mzee akamwambia anaweza kuwajulisha. Basi wa tatu, Mrusi mmoja, huko aliko, aliandikiwa kwa nukta na mistari kwamba anasalimiwa na mwenye ng'ombe wawili. Akarudisha salamu. Mama alitaka kujua ana ng'ombe wangapi, lakini Mrusi alikuwa ameshaondoka hewani.

Wa nne alichukua karibu saa nzima. Mzee alikuwa amechoka, nami nilishaanza kukunja kamba, alipoinua kidole. Mlio ulikuwa dhaifu sana hivi kwamba sote watatu tuliacha kupumua.

"Japani," akanong'ona. Akatuma jina lake na namba ya kituo. Yule mtu akaanza kujibu, herufi moja, mbili, tatu, halafu akazama kabisa. Mzee aliita tena na tena. Hakuna.

"Wanne," akasema hatimaye.

"Watatu," nikasema. "Huyo hakumaliza hata namba yako. Sheria ni sheria, na uliitunga wewe."

"Alinisikia!"

"Alisikia kitu. Labda alisikia ng'ombe."

Tulibishana kuhusu serikali, kuhusu sheria, kuhusu punda, na nikagundua kwamba nafurahi. Yule mama alisimama akajitwika mzigo wake wa nyasi, ambao kwa mizani yangu ya keki ungehitaji kupimwa kwa awamu ishirini.

"Huyo wa mwisho," akauliza, "alibisha mlango ama hakubisha?"

"Alibisha," mzee akasema upesi.

"Basi mwandike. Mvua inakuja, na huyu mzee asinyeshewe."

Akatangulia kutuonyesha njia fupi. Nililifungua tena daftari nikaandika wa nne, kwa mkono mwepesi, na pembeni nikaweka alama ya kuuliza ndogo ambayo mzee, bila miwani, hawezi kuiona. Kisha nikamsimamisha mbele yangu, nikamwambia atembee polepole, na akianza kuhema asimame.