Bao la Jikoni

Bwanali alipomfunga Rahima bao, alimcheka mbele ya wanaume wa Chilangala: "Rudi jikoni, Mama Ashiru."

Rahima akarudi kweli. Kando ya mafiga akachimba mashimo kwenye sakafu ya udongo, akapanga korosho kama kete, vilevile zilivyokaa kabla hajakosea. Akila kulia, anafungwa. Akila kushoto, anafungwa. Ugali ukaungua, hakujali. Hatimaye akaiacha nyumba, lile shimo lenye kete nyingi, ilale badala ya kuisafirisha kwa pupa. Hapo Bwanali hakuwa na pa kutokea.

Rahima akamfuata barazani. "Tupange vilevile, Baba Mwanasha."

Bwanali akapanga huku akicheka. Nyumba ikalala. Bwanali akafungwa, safu ya mbele tupu. Akaomba warudie.

"Rudi jikoni," Rahima akamwambia, akiinuka. "Mimi nimejifunzia huko."