Mama Aliyegawa Watoto kwa Sababu ya Barua Yangu

Wakuu, mliozoea utani wangu humu leo nivumilieni. Hili nimekaa nalo miezi minane na limenishinda kulibeba.

Mwaka jana nilifika Kasanda kwa bodaboda nikakuta mama mmoja anagawa watoto wake.

Sisemi anawatuma wakasalimie ndugu. Anagawa! Wa katikati kashachukuliwa na baba mkubwa, wa mwisho yuko Nyabibuye kwa shangazi, na binti mkubwa anafungasha sufuria. Mama mwenyewe mzima, kakaa kwenye mkeka, mguu kaunyoosha.

Na aliyeyasababisha yote yale ni mimi.

Naitwa Saady. Niko kitengo cha rekodi kwenye hospitali moja pale Kibondo, jina nabaki nalo. Daktari akishaandika ugonjwa kwenye faili, mimi naingiza kwenye kompyuta namba ya ugonjwa huo. Kila ugonjwa una namba yake, inaanza na herufi. Ukiingiza namba, kompyuta yenyewe inajaza jina la ugonjwa kwa Kiingereza kwenye barua ya rufaa, na taarifa inatangulia kwenye hospitali anakopelekwa mgonjwa.

Sasa, namba zenyewe ni maelfu, nani azikariri? Ukiandika maneno mawili matatu, kompyuta inakushushia orodha. Unatakiwa uisome yote, ukikwama umuulize daktari. Sisi mtindo wetu ulikuwa mmoja: bonyeza ya kwanza, maisha yaendelee.

Akaja mama Maximilla, mjane, mkulima wa Kasanda. Mfupa wa kidole gumba cha mguu wa kushoto ulikuwa umeota uvimbe, kiatu hakiingii. Daktari akampiga picha, akamwambia ni uvimbe usio na ubaya, utaondolewa Kasulu kwa upasuaji mdogo na atarudi shambani kwake. Kwenye faili aliandika vizuri kabisa, "si saratani", tena akapigia mstari.

Nikaandika mfupa, nikaandika mguu. Orodha ikashuka. Juu kabisa C40, chini yake D16.

Nikabonyeza ya juu. Printa ikatoa barua, nikagonga muhuri, nikampa mkononi.

"Ugua pole mama."

D16 ndiyo uvimbe usio na ubaya. C40 ni saratani.

Wiki mbili baadaye daktari wetu akapigiwa simu kutoka Kasulu. Nilikuwa nimesimama pembeni yake na mafaili.

"Saratani ya mguu?" akauliza. "Mimi sijawatumia mgonjwa wa saratani. Huyo Maximilla hajafika kabisa?"

Nikajua hapo hapo ni mkono wangu.

Unadhani nilisema? Thubutu. Nilirudi kwenye kompyuta yangu, nikafuta C40, nikaweka D16. Haikuchukua hata dakika. Nikajiona mjanja kweli kweli, mpaka mchana nilipokaa kula ndipo nikakumbuka kwamba barua yenyewe anayo mama. Ugali ukanikataa.

Jumamosi nikapanda boda.

Basi nikamkuta kwenye ule mkeka. Pembeni yake shemeji yake, mzee Nkunzimana, huyo ndiye baba mkubwa aliyemchukua wa katikati.

"Mama, natoka hospitali. Huna saratani," nikamwambia.

Hakushtuka hata kidogo. "Asante mwanangu. Na daktari aliniambia hivyo hivyo. Mna huruma sana nyie watu, hamtaki kunitisha."

Binti yake mkubwa, Aline, akaacha sufuria, akaleta barua. Yuko kidato cha pili. "Kaka, haya maneno niliyaandika kwenye simu. Simu ikasema saratani. Na muhuri wenu huu hapa. Mama akienda atakatwa mguu, ndiyo maana amekataa kwenda."

"Kwenye kompyuta haijaandikwa hivyo," nikasema.

Mzee Nkunzimana akanikazia macho. "Barua inasema hivi, kompyuta inasema vile. Nani kabadilisha?"

Nilikuwa na jibu tayari, wallahi. Nilitaka kusema mtandao ulisumbua. Lakini Aline alikuwa ameshageuka, anafunga tena zile sufuria kwenye kitenge, na nikaona nikidanganya hapa huyu mama atakufa na uvimbe usioua mtu.

"Mimi," nikasema. "Niliyekosea ni mimi. Na niliyebadilisha kimyakimya ni mimi."

"Mana yanje! Mungu wangu!" Maximilla akajishika kifua. Alilia, akacheka, akalia tena. Kisha akatulia akaniuliza taratibu, "Kwa nini hukumuuliza daktari?"

"Foleni, mama. Siku ile nilizidiwa na watu."

Akaniangalia. Hasira hana, na bora angekuwa nayo.

"Mwanangu, siku ile nilikuwa peke yangu dirishani. Ulikuwa unaangalia mpira kwenye simu. Nilisubiri umalize kushangilia goli ndipo nikakusemesha."

Dah! Nimekwenda mpaka Kasanda kutubu, na katikati ya toba nadanganya. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu nilimweleza daktari kila kitu, nikala barua ya onyo. Maximilla alikwenda Kasulu, uvimbe ukatolewa, ukapimwa, hauna kitu. Sasa anavaa viatu na analima. Watoto wote wamerudi.

Ila yule wa mwisho, Ininahazwe, ana miaka mitano. Aline aliniambia kila mama yake akishika jembe asubuhi, mtoto anamng'ang'ania nguo anauliza, "Leo unanipeleka kwa nani?"

Wewe unayeandikia watu karatasi, popote ulipo, usipojua uliza. Mtu ataondoka na ulichoandika, na atakiamini kuliko alichoambiwa kwa mdomo.

Maximilla alishanisamehe. Mtoto sijamwomba msamaha mpaka leo. Sijui hata nianzie wapi.