Salamu za Bi Muhsina

Kavindu binti Maweu alizaliwa Shimba Hills, kwa wazazi waliohamia kutoka Ukambani, na akija kazini utamsikia kabla hujamwona. Hucheka kwanza, akasalimu baadaye. Ndiye anayetutunzia simu za intaneti katika kampuni yetu ya matembezi ya baharini hapa Ukunda. Akipanda juu ya bati kukaza waya hujifunga leso juu ya suruali, na kile kisanduku cha taa kinachogawa intaneti hukiita "mume wangu", kwa kuwa, asema, hakisikii mpaka kizimwe kiwashwe tena.

Mwaka jana tulikaribia kumpoteza Mishi, mpokea simu wetu. Aliyemshtaki ni Bi Muhsina, mwenye nyumba ya wageni kule Jego tunayoipelekea wateja, na mama mzazi wa tajiri wetu Athmani.

"Huyo mtoto hana adabu," alimwambia mwanawe. "Namuuliza hali ya wazee wake, hata sijamaliza, ashanirukia na habari za vyumba. Mwondoe."

Mishi alilia. Mimi nilikasirika, maana Mishi namjua: hata paka wa ofisini humwomba radhi akitaka kupita. Lakini nani angemkatalia mama yake? Athmani alimpa Mishi mpaka Ijumaa.

Kavindu aliposikia, hakucheka. "Mishi akatize mtu salamu? Zii. Noma iko kwa laini."

"Laini haina neno," Athmani alisema. "Sauti yasikika wazi kabisa."

Kweli ilisikika. Sote tulizoea kujaribu simu kwa "alo, alo, wanisikia?", tukaridhika. Lakini Kavindu aliwahi kwenda Jego kufunga simu, akasalimiwa mpaka chai ikapoa, na safari hii alitaka kuijaribu laini kwa salamu nzima. Aliingia stoo, akaniita nisikilize naye, akampigia Mishi pale mezani. Simu zetu hupitia kwenye intaneti hata ukimpigia aliye chumba cha pili. Nikamsikia Mishi mara mbili: kwanza kupitia ukutani, kisha, baada ya kitambo, kwenye simu. Jibu lilipokawia, Kavindu alidhani mwenzake kanyamaza, akauliza tena, na maneno yakagongana. Kufika kwenye "watoto hawajambo?" walikuwa kama wake wenza kisimani.

Mchawi akapatikana. Athmani hujivunia kuwatumia wageni video za pomboo kabla hawajafika hotelini, na video hizo zilijaza njia, sauti za watu zikingoja nyuma. Kavindu akakaa na mumewe yule wa taa, akamwamuru apitishe sauti kwanza, video zipange foleni.

"Video zangu zitachelewa!" Athmani akalalamika.

"Video ikichelewa ni ile ile, bosi. Salamu ikichelewa ni matusi."

Ijumaa Bi Muhsina akapiga. Athmani alisimama nyuma ya kiti cha Mishi, spika imefunguliwa sote tusikie.

"Shikamoo, Bi Muhsina."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Wazee wako hawajambo?"

Ikaenda ikirudi hivyo, mpaka mbuzi wa Jego nao wakaulizwa hali. Kavindu alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Hakuna neno lililomkanyaga mwenzake. Nilifurahi hata nikaziba mdomo, kigelegele kisinitoke.

"Athmani yupo?" Bi Muhsina akauliza mwishowe.

"Nipo, mama."

"Ahsante kwa kumwondoa yule. Huyu mpya kalelewa akaleleka, ana ulimi wa..."

"Mama, ni Mishi yule yule! Ubaya ulikuwa kwenye..."

"Ngoja, sijamaliza!"

Kavindu alikuwa ameuma leso yake asiangue kicheko.

"Yule yule?" Bi Muhsina akauliza, kisha akacheka. "Basi mkatiza watu nimemzaa mwenyewe. Hebu nirudishie Mishi wangu, hatujamaliza kusalimiana."