Mikono Minne Mjini Doha

Wanakwaya wenzangu wa Nakuru wameniuliza mara nyingi habari za Doha, nami huwajibu kwa kusifu majengo. Leo nasimulia yote. Mapema mwaka 2013 niliitwa na Atieno, rafiki yangu tangu chuo cha ualimu. Mkataba wake wa ofisini ulikuwa unaisha. Kituo kimoja cha muziki kule mtaa wa Al Sadd kilitafuta mwalimu wa piano, na mwenye kituo alitaka kumsikia akipiga na mwenzake, maana pale watoto hufundishwa wawili wawili. Akikosa kazi hiyo, ingembidi arudi Kenya.

Muziki wenyewe ulikuwa wa Wafaransa wa miaka mia iliyopita: watu wawili, piano moja, mikono minne. Anayeketi upande wa kulia hupiga noti za juu, zenye wimbo. Wa kushoto hushika noti za chini na kukanyaga pedali. Atieno alinitumia kurasa zote, akaniambia wazi nijifunze za chini, nami nikasema sawa. Lakini mimi, mpiga kinanda wa kanisa zima, nikae chini? Nilijifunza za juu tu, nikiamini nikifika atanipisha.

Alhamisi, uwanja wa ndege. Atieno alinipokea kwa vigelegele mbele za watu, akazunguka makusudi na gari ili nione minara ya West Bay, ndipo tukaelekea kwake Al Wakrah.

Jioni hiyo tuliketi kwenye kinanda chake cha umeme. Mimi nikawahi upande wa kulia.

"Njeri, hapo ni pangu," akacheka.

"Kaa tu kushoto. Hizi za juu ndizo nimeshika."

Akaacha kucheka. "Na za chini?"

"Sijazigusa."

"Kwani si tuliongea? Si uliniambia sawa?"

Alihamia kushoto bila kugombana, na siku zilizobaki akawa anahangaika na kurasa za chini kila alipopata nafasi. Chakula aliendelea kunipakulia vizuri vilevile, na hilo liliniumiza kuliko matusi.

Jumatatu, Al Sadd. Mwenye kituo, mama wa Kilebanoni tuliyemwita Madamu Rima, alitukaribisha kwa kahawa. Tukaanza. Nilipiga vizuri, siwezi kudanganya. Atieno alijikwaa, pedali ikamkorofisha, sauti zikarundikana. Tulipomaliza, Madamu Rima alinigeukia mimi.

"Wewe una kibali cha kufanya kazi hapa?" aliuliza kwa Kiingereza.

Nilitamani ardhi inimeze. "Mimi ni mgeni tu," nikasema. "Upande huu ni wake. Mimi ndiye niliyemnyang'anya."

"Basi badilishaneni."

Tukabadilishana. Vidole vyangu vilitafuta noti kama mtu anayepapasa swichi gizani. Madamu Rima alinivumilia mistari michache, kisha akanigusa bega. "Inuka, tafadhali."

Akaketi yeye. Mimi nilisimama kando nikiwafungulia kurasa. Wimbo ule niliougombea ni mwepesi, hata mtoto angeuweza. Utamu wote ulitoka chini, mkononi mwa yule mama, na Atieno alitulia kwenye noti za juu akapiga kwa raha. Walipomaliza walitazamana wakacheka. Mimi hawakunitazama. Kazi akapewa palepale.

Jumatano, safari ya kurudi. Atieno alinibebea begi mpaka mlango wa abiria. Nilimwomba msamaha.

"Yaliisha, Njeri. Kazi si nimepata?"

"Nitazijua zile za chini vizuri. Nikija tena tupige."

Akanikumbatia kwa nguvu. "Ukija tena, njoo tu kunitembelea," akasema. "Wa kupiga naye nishapata."

Alisema bila hasira yoyote. Hapo ndipo nilipojua kwamba amenisamehe kweli, na kwamba kando yake sitaketi tena.