Mbunge wa Binti Yangu

Nimemwonea wivu mtu aliyekufa kabla binti yangu hajazaliwa. Nasema wazi, sina haya.

Alikuwa mbunge wa Amerika, enzi za redio za mbao. Binti yangu wa mwisho anasoma chuo kikuu hapa Brussels, na mwalimu wake alimtaka aandike maisha ya huyo mtu, tangu kuzaliwa mpaka kaburini. Basi kila Jumapili alikuja kwangu Evere kula wali na ndagala, dagaa wa kwetu, na mbunge akaja naye mezani. Eti alizaliwa shambani. Eti baba yake alipofariki aliacha shule, akauza dukani mpaka watu wakampenda, wakampigia kura. Akawapigania wakulima wapate umeme. Kila barua aliijibu kwa mkono wake. Mwishowe akashindwa na kijana aliyejua kukaa vizuri mbele ya televisheni, akarudi kwao kuvua samaki. Binti yangu alijua hata jina la mbwa wake. Jina langu la utotoni hakulijua.

Mimi nilitafuna tu. Na mimi niliacha shule, darasa la nne, Buyenzi pale Bujumbura. Na mimi niliuza dukani kwa watu. Hapa nilifagia ofisi mpaka nikafungua duka langu la vitambaa karibu na Porte de Namur, nikisaini karatasi nisizoweza kusoma. Yeye akaitwa mheshimiwa, mimi mkimbizi.

Jumapili moja nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia asogeze sahani, achukue kalamu, aandike na maisha yangu. Nikakaa wima, mikono juu ya magoti. Nikataja jina la baba, la mama, ndugu zangu kwa kufuatana kuzaliwa kwao, mtaa, mwezi niliovuka mpaka, na nani alishuhudia. Nikasubiri.

Hakuwa ameandika neno.

"Papa," akasema, "unanijibu kama mimi ni yule madamu wa ofisi ya wakimbizi."

Kweli. Maisha yangu nilikuwa nimeyasimulia kwa watu wenye muhuri tu. Ukikosea mwezi, unaitwa mwongo. Ya kicheko na mapenzi hawakuyauliza, nami nikaacha kuyasema, hata nyumbani.

"Bon, haya," nikamwambia. "Niulize wewe."

Akafikiri kidogo. "Ulipokuwa unauza dukani, ulimpenda nani?"

Jikoni bomba la maji likafungwa. Mama yake alikuwa anasikiliza. Nikasema kulikuwa na msichana aliyekuja kununua mafuta ya taa kila siku, kikombe kimoja kimoja, ili anione.

"Mwongo," mama yake akajibu kutoka kule. "Wewe ndiye uliyekataa kuniuzia viwili."

Binti akacheka, kisha akainama akaanza kuandika. Nikachungulia daftari, alikuwa hajajaza hata nusu ukurasa. Alipoangalia saa nikamwambia mabasi ya Evere yapo tele, akae. Nilikuwa sijamweleza bado jinsi nilivyokwenda kumposa mama yake kwa viatu vya kuazima.