Kumaliza Mrusho Bila Kugeuza Uso

Wenzake wa chumba cha kufulia mashuka ya hospitali walimwita Kombeo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mrushaji wa timu ya wanawake ya softiboli ya pale kazini. Mkono wake ulizunguka begani kama gurudumu, ukaachia mpira karibu na paja, na wapigaji wakabaki kupunga gongo hewani kama wanaofukuza nzi. Mdakaji wake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mpishi wa hospitali hiyohiyo, mwanamke mfupi mwenye mdomo usio na breki.

Msimu uliopita mpigaji mmoja aliupata mpira sawasawa. Ukarudi kama risasi, ukamvunja Kombeo mfupa wa chini ya jicho. Mfupa uliunga. Lakini mpira wake wa kuzama, ule uliokuwa ukiporomoka ghafla mbele ya gongo, ukagoma. Sasa ulielea tu, kila mtu akajipigia. Kocha alisema ni umri. Kombeo akasema ni bega. Wifi mtu, kwa mara ya kwanza maishani, alinyamaza. Jumamosi moja asubuhi akamvuta hadi uwanja ulio nyuma ya stoo.

"Piga goti. Rusha kwa kifundo cha mkono tu, mara hamsini."

"Wifi, hayo ya watoto! Mimi nilikuwa narusha wewe hujui hata glovu inavaliwa mkono gani."

"Ndiyo maana tunaanza alifu kwa ujiti. Umejua sana mpaka umesahau."

Kombeo akapiga goti, kanuna. Wifi alikuwa ameuzungushia mpira mstari wa rangi nyekundu, ili waone unavyojiviringisha. Mpira ukatoka, mstari ukasimama wima, haukuyumba. Akarusha amesimama, bila kupiga hatua: wima vilevile. Kisha akarusha kutoka umbali wa mechi, kwa mwendo wake wote. Mstari ukatapatapa kama samaki nchi kavu.

"Bega lako zima," wifi akasema. "Unageuza uso kabla hujaachia mpira. Nimeona tangu siku ya kwanza uliporudi."

Kombeo akakaa kwenye nyasi. "Mbona hukumwambia kocha?"

"Nimwambie nini? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siku ile nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya gongo, wifi yangu. Nilisikia mfupa ukilia. Hata mimi huwa nashtuka."

Hawakuwahi kuliongea jambo la siku ile. Walilia kidogo, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka wifi akapenga kamasi kwa aproni ya jikoni.

Zoezi la pili lilikuwa la soksi. Kila Kombeo alipomaliza kurusha, alitakiwa abaki miguu imara, glovu kifuani, na wifi amvurumishie usoni soksi zilizokunjwa. Siku ya kwanza alizikwepa zote, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Baada ya soksi ukaja mpira wa sponji, kisha wa tenisi, kisha ule mgumu wenyewe, kwanza polepole. Jumamosi kumi na moja.

Mechi ilikuwa dhidi ya timu ya walimu. Katika zamu ya sita mpira wa Kombeo ulizama, mpigaji akaukwangua, ukaruka kumrudia usawa wa kidevu. Hakugeuka. Ulimgonga kwenye glovu, ukadunda chini. Akauokota, akautupa kituo cha kwanza. Mpigaji nje.

Wifi akaacha nafasi yake, akaja mbio, barakoa yake ya kudakia kwapani. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamkagua kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka.

"Ulifumba?"

"Yote mawili yalikuwa wazi. Niliuona hadi nyuzi zake."

"Akina mama, mchezo unaendelea," mwamuzi akaita.

"Subiri kidogo, baba," wifi akamjibu bila kugeuka. "Hapa tuna shughuli."

Walishindwa kwa pointi moja. Njiani Kombeo alibeba mifuko yote miwili, kwa sababu magoti ya wifi yalikuwa yamevimba, na hakuna kati yao aliyetaja matokeo.